Santuri ya Kintinku

Itigi,
6 Septemba 1954

Kaka Gasto,

Sisi wazima, mtoto mzima, mama mkwe mzima yeye na ulimi wake. Sasa nisikilize vizuri, maana nina hasira na wewe na gramafoni yako.

Siku ilipofika kwa treni nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Unajua nilivyoingojea. Mwalimu Simeoni alipostaafu pale Kintinku alinipa ile santuri aliyoikuta chini kabisa ya sanduku lake, ile ambamo yule Mzungu wa mashine aliwarekodi mama na wenzake wakisaga uwele, mwaka 1938. Karatasi yake katikati bado inasomeka: "Kintinku. Wimbo wa kusaga. Dina, Luciana, Yunisi." Jina la mama yetu ndilo la kwanza. Kaka, mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne. Uso wake naukumbuka nusu. Mikono yake naikumbuka. Sauti yake sikumbuki hata kidogo.

Haya, Philipo mume wangu akaifungia lile tarumbeta la bati, tukazungusha mpini, tukaweka sindano. Toba! Sauti ya mwanamke ipo, na wimbo upo, lakini unachoma masikio. Kila neno linatoka na ncha yake. Mtoto alilia, na mabati ya paa yakaanza kuitikia kama nayo yamealikwa.

Baba alikuwa amekaa mlangoni anashona kiatu. Alisikiliza kidogo, akainuka, akaenda kukaa kwenye tangi la maji la stesheni mpaka jua lilipoinama. Aliporudi nikamwuliza, "Baba, si mama yule?" Akasema, "Mama yenu hakuwa na sauti hiyo. Rudisheni hilo bati." Basi. Akachukua kiatu chake akaendelea kushona.

Gasto, hapa duniani ni baba tu anayeweza kusikiliza akaniambia, "Ndiyo, huyu ni Dina." Wewe nawe unamkumbuka, lakini uko Tabora. Na baba ameshasema mvua ya kwanza ikinyesha anarudi Kintinku kulima, na kwenye hizi nyumba za reli harudi tena kukaa. Kwa hiyo sina muda. Wewe ndiye fundi wa redio na gramafoni. Niambie namna ya kuupunguza huo ukali, nami nitafanya.

Santuri nimeipiga mara tatu tu, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Hana

*

Tabora,
14 Septemba 1954

Mdogo wangu Hana,

Barua yako imenikuta dukani, nikaisoma kwa sauti mbele ya mafundi wenzangu, ikabidi niruke ile mistari uliyonigombezea. Kwanza nikuambie: gramafoni ile ni nzima. Spring niliibadilisha kwa mikono yangu.

Pili, yule ni mama. Usiyumbe. Mimi nilikuwa mkubwa, sauti yake naikumbuka: ilikuwa inapaa juu ya wanawake wote pale uani, ukiwa kwa jirani unajua mama anasaga. Baba amesikia sauti iliyoharibiwa na bati ndiyo maana ameikataa. Tukiituliza ataitambua.

Sasa fanya hivi. Gramafoni isikae mezani, meza inatetemeka na kuongeza kelele. Iweke sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Mdomo wa tarumbeta usiwaelekee watu, wala usielekee kona. Uelekeze pembeni, msikilizaji akae ubavuni, kwa sababu ile sauti nyembamba hutoka moja kwa moja mbele kama mkuki, lakini ile nene huzunguka nyumba nzima. Kwenye ukuta wa mbele tundika blanketi lingine. Dari huna, najua, lakini ukiweza tandaza mikeka juu ya boriti ili bati lisijibu.

Nimekutumia pakiti ya sindano nyembamba. Zile nene ulizo nazo ni za kupigia muziki wa dansi ukumbini, ndizo zinazopiga kelele. Na sindano ya chuma ipigwe mara moja tu, kisha itupwe. Uisikie hii kwa masikio yote mawili, Hana: chuma kinakula santuri. Kila unapoipiga kinapunguza kitu, na kinachopungua hakirudi. Mara tatu si mbaya. Usizidishe.

Msalimie shemeji, na baba umpe shikamoo yangu.

Kaka yako,
Gasto

*

Itigi,
25 Septemba 1954

Kaka Gasto,

Nimefanya yote. Blanketi chini, blanketi ukutani, mikeka juu ya boriti. Mama Philipo aliingia akakuta nyumba yake imevikwa nguo akauliza, "Mkwe wangu, tumefiwa?" Nikamwambia hapana mama, tunatuliza sauti. Akasema kwao sauti hutulizwa kwa kufunga mdomo, na alinitazama mimi.

Sindano nyembamba imesaidia. Kukaa ubavuni kumesaidia zaidi. Mtoto halii tena. Lakini bado, Gasto. Yule mwanamke anayeimba amesogea nyuma kidogo tu, ukali wake bado ni wa kukuna sufuria.

Basi nikatumia akili yangu mwenyewe, na usinicheke. Nilichukua kipande cha kanga nikakishindilia ndani ya tarumbeta. Ukali ukaisha kweli! Na kila kitu kingine kikaisha. Ikawa kama watu wanaongea nyumba ya tatu, huwezi kujua ni mwanamke au mwanamume. Baba alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho safari hii, nikadhani sasa atasema ndiyo. Akasema, "Mlianza kwa kumchinja, sasa mmemfukia." Akatoka.

Niliumia, nikubali. Nililia jikoni nikisingizia moshi. Lakini nilipomaliza kulia nilikitoa kile kitambaa nikakifua, nikaanika, nikakaa kukuandikia. Siachi. Kama ni mashine, kila mashine ilitengenezwa na mtu, na mtu anaweza kuitengeneza tena. Nipe dawa nyingine.

Hana

*

Tabora,
2 Oktoba 1954

Mdogo wangu,

Kitambaa hakichagui, dada. Ukiziba mdomo wa tarumbeta umewanyamazisha wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Tunachotaka ni kumpunguza mmoja tu, yule wa juu.

Nimefikiri sana, na fundi mkuu amenisaidia. Tatizo huenda liko kwenye kichwa, kile kiduara kinachoshika sindano. Ndani yake kuna kioo chembamba cha ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi, na kioo hicho kinashikiliwa pande zote na mpira. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu kama mfupa, kioo kinapiga kelele. Ile gramafoni ni ya zamani, na naungama kichwa sikukifungua. Nilitazama spring nikaridhika.

Philipo ana mikono mizuri, afanye yeye. Afungue zile skrubu tatu polepole. Ulanga asiuguse kwa kucha. Atoe mpira uliokufa, aweke mpira mpya: achukue ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, aukate urefu wa mduara, autie pande zote mbili za kioo. Asikaze skrubu sana. Pale sindano inapokutana na kioo, atie tone dogo la nta ya nyuki. Nta hamkosi Itigi.

Halafu tarumbeta lenyewe livalishwe nje, si ndani. Bati tupu linalia lenyewe. Lizungushieni ngozi ya mbuzi iliyolainishwa, mfunge kwa kamba.

Na kama utapata sindano isiyo ya chuma, utakuwa umeshinda. Wazungu wanatumia za mianzi. Hapa dukani zimekwisha, nimeagiza, lakini meli na treni vina safari zao.

Usikate tamaa. Baba ni mkali lakini si jiwe.

Gasto

*

Itigi,
18 Oktoba 1954

Kaka Gasto,

Nina habari nzuri, habari mbaya, na dhambi moja. Naanza na nzuri.

Ulikuwa umesema kweli. Mpira ule wa ndani ulivunjika kama ganda la yai. Philipo aliweka wa valvu, jirani mwenye baiskeli analaumu mpaka leo. Nta tumetia. Ngozi tumeivalisha tarumbeta, sasa linafanana na ngoma iliyonenepa. Tukapiga mara moja: nyumba ilitulia, kaka. Ukali umebaki robo.

Sasa sikia jambo la sindano. Siku kumi zilizopita Mama Philipo alikuwa amemshika mwanawe mguu anamtoa funza, na wewe unajua wazee wetu, pini hawaiamini, anatumia mwiba wa mgunga. Philipo anapiga kelele, mama anasema, "Tulia, mwiba haukuli nyama, chuma ndicho kinachokula." Mimi nilikuwa napeta mtama. Niliacha ungo chini. Chuma kinakula! Si maneno yako hayo hayo?

Kesho yake niliingia kichakani na panga. Vichaka vya huku unavijua, ukiingia na gauni unatoka na matambara. Nilikata miiba ya kila aina. Mibichi inapinda. Ya mti uliokufa inavunjika. Iliyofaa ni ile mirefu myeupe ya mgunga, niliyoikausha siku tano juu ya jiko, nikainoa ncha kwa jiwe la kunolea visu. Nikaukata mmoja urefu wa sindano, Philipo akaukaza kwenye kichwa. Tukajaribu kwa santuri ya dansi ya jirani kwanza, si yetu. Gasto! Hakuna kukwaruza. Sauti ndogo lakini nzima, ya mtu aliyekaa na wewe chumbani. Mwiba mmoja unamaliza wimbo mmoja, kisha unaunoa tena.

Habari mbaya: baba ameondoka. Mvua ilinyesha Kintinku mapema, mtu akamletea salamu, siku ya pili alikuwa kwenye treni na jembe lake. Wakati huo miiba bado iko juu ya jiko. Nilimsihi angoje siku tatu. Akasema, "Mvua haingoji santuri."

Na dhambi yangu ni hii. Nilikudanganya. Si mara tatu. Wiki ile ya kwanza niliipiga mara ishirini na moja, kwa zile sindano nene. Kila jirani aliyekuja nilimpigia, nikimwambia msikie mama yangu. Wakiondoka nilijipigia mwenyewe nikitafuta kitu cha kukumbuka. Sasa mwanzo wa wimbo umeanza kukoroma kama mchanga kwenye karai. Nimemla mama kwa mikono yangu, kaka. Unigombeze, nastahili.

Hana

*

Tabora,
27 Oktoba 1954

Mdogo wangu mpenzi,

Sikugombezi. Sina haki hiyo, na barua hii itakuambia kwa nini.

Nilikuandikia kwamba sauti ya mama naikumbuka, kwamba ilikuwa inapaa. Ni uongo. Sikumbuki. Nilipelekwa kwa baba mdogo huku Tabora nina miaka minane, na mama alifariki mimi sijarudi. Miaka minane nililala nyumba moja naye, Hana, na sina hata neno moja lake sikioni. Namkumbuka akinivua shati akinitazama upele. Mdomo wake naona unasogea, sauti hakuna. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, una udhuru. Mimi mkubwa sina.

Uliponiambia kwenye santuri mwimbaji anapaa, nikasema moyoni, basi ndivyo alivyokuwa, na nikakuandikia kama shahidi. Nilitaka niwe nimemkumbuka.

Sasa fikiri. Kama mimi sijui, anayejua ni baba peke yake, na baba tangu siku ya kwanza anasema siye. Tumesema masikio yake yamekosea, tumesema ni bati, ni mpira, ni sindano. Je, kama mzee hakukosea? Yule Mzungu alirekodi wengi, karatasi zinaweza kubadilishwa. Naogopa utamfuata mpaka Kintinku, utampigia kwa ule mwiba wako mzuri, sauti itoke safi kabisa, na atakuambia tena kwamba siye. Safari hiyo hatutakuwa na bati la kulilaumu.

Iache, Hana. Ifunge kwenye kitambaa, uiweke. Ukibaki na shaka ni afadhali kuliko ukibaki bila kitu.

Nisamehe.

Gasto

*

Itigi,
4 Novemba 1954

Gasto,

Nimekusamehe, na sitakutii.

Umenifanya nikae siku mbili bila kusema na mtu, mpaka Mama Philipo akaniletea uji kitandani akidhani nina mimba nyingine. Halafu nikainuka. Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge. Shaka unayonishauri niitunze nimekuwa nayo miaka kumi na tano, haijanisaidia kulala hata siku moja. Kama siye, nataka niambiwe siye huku naisikia vizuri. Sitaki kuambiwa na kelele.

Jumamosi napanda treni kwenda Kintinku. Philipo ananipa ruhusa na anabeba gramafoni mpaka stesheni. Nina miiba kumi na miwili nimeifunga kwenye jani la mgomba. Nitaipiga mara moja tu. Mara moja, kaka, naapa, na safari hii sidanganyi.

Ningependa uwepo. Lakini najua kazi.

Hana

*

Kintinku,
16 Novemba 1954

Kaka Gasto,

Kaa chini kwanza. Kama uko dukani toka nje, usiisome barua hii mbele ya mafundi.

Nilifika Jumamosi mchana, matope mpaka magotini, gramafoni kichwani, mtoto mgongoni. Baba alikuwa shambani nyuma ya nyumba anapanda uwele. Nikampigia magoti, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, kisha akaiona ile ngozi ya mbuzi. Akasema, "Umelileta hilo bati na huku?" Nikasema ndiyo baba, nimelileta, na nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga kwenye treni. Kwamba nitaipiga mara moja. Kwamba akisema siye, santuri naipeleka kwa Mwalimu Simeoni leo leo na jambo hili halitatajwa tena maisha yangu. Kwamba mimi ni mtoto wake na sijawahi kumwomba kitu kigumu.

Akakung'uta udongo kwenye jembe. Akasema, "Piga. Mimi niko hapa hapa shambani." Na akanigeuzia mgongo akaendelea kuchimba.

Nikaingia ndani. Umeisahau ile tembe yetu, Gasto? Paa la udongo, kuta za udongo unene wa mkono mzima, sakafu ya udongo. Niliweka gramafoni chini, nikaelekeza tarumbeta ukutani pembeni, nikatia mwiba. Mlango niliuacha wazi. Niliushusha polepole nisiichubue santuri.

Mwanzo ulikoroma, ile dhambi yangu. Kisha ukapita. Na kitu cha kwanza nilichosikia sikuwahi kukisikia Itigi hata mara moja: grrr, grrr, jiwe. Jiwe la kusagia, linakwenda na kurudi. Kumbe lilikuwemo siku zote, zile kelele zilikuwa zimelifunika. Ndani ya ile tembe lilijaa kana kwamba linasaga mbele yangu.

Nikasikia jembe limeanguka nje.

Baba aliingia na udongo mikononi. Hakuniangalia mimi wala gramafoni. Alikwenda mpaka kwenye kona, lile jiwe liko pale pale mpaka leo, akaliwekea kiganja. Akasema kwa Kigogo, "Hili ni langu. Nililibeba mwenyewe kutoka mlimani nilipomwoa." Nikataka kusema kitu akaninyooshea kidole ninyamaze.

Yule mwimbaji akaingia, anayepaa. Sauti yake sasa haikuchoma, ilikuwa nzuri tu, ya msichana. Baba akatikisa kichwa. Akasema, "Huyo ni Luciana. Tangu mwezi wa tisa mnanipigia Luciana mnaniambia ndiye mke wangu."

Gasto! Nikawaza, basi, ulikuwa umesema kweli, nimekwisha.

Halafu baba akachuchumaa, akanishika mkono wangu kwa ule mkono wa udongo, akasema polepole, "Usimfuate wa juu. Shuka chini. Pale jiwe linaporudi. Sasa." Akanifinya mkono. "Huyo."

Yupo, kaka. Yuko chini ya Luciana, chini kabisa, karibu na jiwe. Haimbi maneno. Kila jiwe linaporudi anaitikia, hee, hee yaa, sauti nzito, ya utulivu, sauti ya mtu asiye na haraka. Bila yeye Luciana asingekuwa na pa kusimama. Nimeipiga santuri ile zaidi ya mara ishirini na moja na sikumsikia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa namtafuta juu.

Ilipokwisha niliinua mwiba. Mtoto alikuwa amelala kwenye mgongo wangu. Nikamwuliza baba mbona karatasi imemtaja yeye kwanza. Akanishangaa. "Jiwe la nani? Nyumba ya nani? Wenzake walikuja kusaga kwake. Mwenye jiwe hutajwa kwanza, hata kama hakufungua mdomo." Mimi na wewe na kusoma kwetu kote, tuliona jina la kwanza tukadhani ndiye aliyetangulia kuimba. Angecheka mtoto yeyote wa Kintinku.

Na akaniambia lingine, hili sikulitegemea. Siku ile Mzungu alipokuja, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alimsikia mama akiitikia kwa masikio yake. Kwa hiyo tulipompigia kule Itigi, akamsikia Luciana peke yake, alijua kuwa mama alikuwepo na mashine haikumchukua. Iliwachukua wenzake wote ikamwacha yeye. Ndiyo maana alikwenda kukaa kwenye tangi la maji. Hakuwa amekasirika na mimi. "Nilifiwa naye tena," akasema, "na ninyi mnapiga vigelegele."

Nilimchotea maji akanawa mikono.

Hakuniomba nirudie. Mimi nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka, lakini nilikuwa nimeapa. Nimemwachia yeye santuri na gramafoni na miiba yote iliyobaki. Kesho narudi Itigi.

Nimeipata sauti ya mama yangu, Gasto. Jana nilikuwa namsagia baba uwele kwa lile jiwe, nikajikuta naitikia. Baba alikuwa nje. Akasema, "Shusha kidogo." Nikashusha. Akasema, "Hapo."

Hana

*

Kintinku,
28 Novemba 1954

Mwanangu Gasto,

Mimi si mtu wa kuandika, naandika kwa sababu Hana amerudi kwake na hili si la kumtuma mtu mwingine.

Mvua ni nzuri. Uwele umeota. Mbuzi mmoja amechukuliwa na fisi.

Dada yako ameniambia ulivyomwandikia, kwamba ulidanganya, na kwamba sauti ya mama yako huikumbuki. Unajilaumu. Usijilaumu kwa hilo. Mimi ndiye niliyekupeleka Tabora, na mama yako hakutaka. Alinyamaza kwa sababu nilikuwa mkali. Ulipoondoka alikaa siku nyingi bila kuitikia kwenye jiwe, wenzake wakawa wanasaga bila wimbo. Aliporudia kuitikia ndipo Mzungu akaja. Kwa hiyo sauti iliyomo ni ya mama aliyekuwa anakukumbuka wewe. Hili sijamwambia mtu, hata Hana.

Nilipaswa kukuita alipougua. Nilisema moyoni kwamba atapona, mtoto asome. Kosa ni langu, nimelibeba peke yangu, sasa unalijua.

Santuri ninayo mimi. Nimeifunga kwenye shuka yangu na naiweka chini ya kitanda mahali ambapo jua halifiki. Tangu Hana aondoke sijaipiga. Watu wamekuja kuomba kuisikia, Luciana naye amekuja kutoka Mitundu, mtu mzima sasa, akalia hapo mlangoni. Nimewakatalia wote, hata yeye. Hana anasema kila ikipigwa inapungua, hata kwa mwiba inapungua kidogo. Sikubali ipungue kabla wewe hujaisikia.

Nimechonga miiba mitatu mimi mwenyewe, mizuri kuliko ya dada yako.

Omba ruhusa kazini. Wakikataa, omba tena. Treni inasimama hapa. Ukishuka, usipite kwa mtu, njoo moja kwa moja nyumbani. Tutakaa chini wawili, nitaweka mwiba. Luciana atatangulia, usimshughulikie. Wewe funga macho. Nitakushika bega pale mama yako anapoingia.

Baba yako,
Ezekieli Ndahani